Mke wa Mtaa wa Pili

Wateja wake walimwita Taratibu, kwa sababu aliyekaa kwenye kiti chake cha kunyolea asubuhi hakuwa na hakika ya kuinuka kabla ya mchana. Si kwamba alikuwa mvivu. Alikuwa kinyozi wa kupima kwa jicho. Alirudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa, kisha akasogea tena kuuondoa unywele mmoja nyuma ya sikio ambao hakuna mwingine angeuona hata kwa darubini. Mkewe alikuwa fundi wa mapazia, naye walimpa jina, Bi Pindo. Huyo haraka yake iliwatosha wote wawili. Akikuta dirisha lako limekaa uchi, kabla hujamkaribisha kiti ameshalipima kwa mikono.

Binti yao wa mwisho alipoolewa na kuhama, nyumba ilibaki kubwa ghafla. Jioni moja Bi Pindo aliinua uso kutoka kwenye sahani akasema, "Mzee, twende mjini."

"Kuna nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa."

"Kuna nani amekufa?"

"Mzee! Lazima mtu afe ndiyo tutoke humu ndani? Twende tukae tu. Wiki mbili. Tutembee, tuangalie watu, turudi."

Taratibu alitafuna polepole, kama anavyofanya kila kitu, na alipomaliza kutafuna alikuwa amekubali. Mji mkubwa waliujua kwa kupita tu, wakishuka kwenye basi hili na kukimbilia lile, vumbi limewajaa na mizigo mikononi. Wazo la kwenda kukaa, bila shughuli, kama watu wa kwenye kalenda, lilimpendeza kuliko alivyotaka kuonyesha.

Swali lililobaki lilikuwa moja tu: wakae mtaa gani? Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kinyozi hakosi washauri. Kila kichwa kilichoingia dukani kilikuwa na mtaa wake. Mmoja aliapa kwamba bila kukaa karibu na stesheni hujafika mjini. Mwingine alisema stesheni ni pa kuibiwa viatu ukiwa umevivaa. Mzee mmoja mwenye upara, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuja kwa kinyozi zaidi ya soga, alisifu mtaa mmoja wa juu wenye miti mikubwa pande zote za barabara, mahali ambapo, kwa maneno yake, "unaweza kusikia jani likianguka."

Mkasi ulisimama hewani. "Jani?"

"Jani. Tena moja."

Ungetaka kujua kwa nini maneno hayo yalimwingia Taratibu mpaka kwenye mifupa, ungekaa dukani mwake siku moja. Redio inasema, mashine inanguruma, wateja wanabishana kuhusu mpira na wakwe zao, na yeye katikati anatakiwa aitikie kila upande. Jioni masikio yake yanakuwa yamechoka kuliko miguu. Alirudi nyumbani siku hiyo na msimamo wake mkononi.

Bi Pindo naye alikuwa na wake. Kutwa alishinda chumba cha nyuma na cherehani, amezungukwa na mita za kitambaa ambazo hazijawahi kumjibu neno. Yeye alikuwa amesikia habari za mtaa wa majora. Huko, walimwambia, vitambaa vimepangwa kutoka sakafuni hadi darini, wauzaji wanakuita dada hata kama una wajukuu, na watu hawakatiki kuanzia alfajiri.

"Nitaanza kuongea na pindo, mzee," alisema. "Nataka kelele. Nataka kusukumwa na watu."

"Na mimi nataka jani."

"Jani gani?"

Akamweleza. Bi Pindo akacheka mpaka akashika meza, jambo ambalo halikusaidia mazungumzo. Walijaribu kugawana, wiki moja huku, wiki moja kule, wakakwama kwenye suala la nani aanze. Walijaribu kununiana, lakini Bi Pindo hawezi kununa zaidi ya muda wa kuchemsha chai. Mwisho akasema, huku akifuta meza ambayo ilikuwa safi tayari, "Basi kila mtu akae anakotaka. Mimi nipo kwenye majora, wewe kaa na majani yako. Tutapeana salamu."

Taratibu alijua ni mzaha. Kesho yake alimkuta mkewe kwenye simu, anaulizia chumba kwa sauti ya mtu asiyetania. Angeweza kusema neno pale. Neno moja tu lingetosha. Badala yake alikaza shingo, akachukua simu yake, akaulizia chumba chake kule juu. Wakatazamana kila mmoja na simu sikioni, na hakuna aliyepepesa macho.

*

Tatizo la kwanza lilijitokeza kituo cha mabasi, walipofika mjini. Walikuwa wamefunga sanduku moja.

Mazoea tu. Maisha yao yote walikuwa watu wa sanduku moja, na hata siku ya kuhamia mitaa miwili waliliandaa lile lile, yeye akiweka mashati, mkewe akiweka magauni juu yake. Sasa walikaa kwenye benchi, watu wanapita, wakalifungua kugawana mbele ya umma. Bi Pindo alikwenda kununua mfuko mkubwa wa plastiki wenye zipu, akarudi, akaanza kugawa kwa haraka yake ya kawaida. Hili lako, hili langu. Mama mmoja aliyekuwa benchi la jirani aliwatazama kwa huruma nyingi, akatikisa kichwa, akasema, "Poleni. Mungu atawapa wengine."

Taratibu alitaka kumweleza, akaona ni mbali kuanzia. Alibeba mfuko, mkewe akabaki na sanduku. Waliagana kama watu wa ofisi moja.

"Haya, mzee. Usisahau kula."

"Na wewe usinunue mji mzima."

Akapanda basi la juu bila kugeuka nyuma. Baadaye alijuta kwamba hakugeuka, ingawa mkewe naye, kama alivyokuja kukiri, hakusimama kumwangalia, kwa kuwa tayari alikuwa ameona duka la vifungo.

Mtaa wa miti ulikuwa vile vile alivyoambiwa. Miti ilikutana juu ya barabara kama inaombeana heri. Kuta zilikuwa ndefu, mageti yamefungwa, na chumba chake kilikuwa ghorofani nyuma ya bustani, kitanda kipana, dirisha linatazama matawi. Ufunguo aliachiwa kwa mlinzi wa getini, mtu mpole ambaye maneno yake yote yalikuwa mawili, "Ndiyo, mzee," na alikuwa anajua kuyatumia kwa kila kitu.

Taratibu alijilaza akasikiliza. Hakusikia kitu. Alitabasamu peke yake, akalala usingizi mzito wa mchana kama mtoto aliyeoga.

Siku ya pili aliendelea kusikia hivyo hivyo, yaani hakusikia kitu. Alisikia friji ikiwaka na ikizima. Alitoka kutafuta mkate, akatembea mtaa mzima bila kukutana na mtu wa kumuuliza duka liko wapi, alikutana na mbwa mmoja tu nyuma ya geti, na huyo hakuwa na nia ya kumsaidia. Kufikia jioni alikuwa amesimama getini anamtazama mlinzi kisogoni. Nywele zilikuwa zimepanda shingoni ovyo ovyo, upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Vidole vilimwasha.

"Nani anakunyoa?"

"Ndiyo, mzee," alisema mlinzi.

Alirudi chumbani akaamua asome gazeti. Akafungua mfuko. Ndani alikuta mashati yake mawili, kanga ya mkewe, ndala za mkewe, mafuta ya mkewe ya miguu, na kisanduku cha sindano. Miwani yake ya kusomea haikuwamo. Suruali yake nzuri haikuwamo. Ile haraka ya Bi Pindo pale kwenye benchi ilikuwa imegawa mali kama upepo unavyogawa takataka.

Mtu mwingine angekasirika. Taratibu alikaa kitandani na kanga mapajani, na furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa kupita kiasi kwa mtu aliyepoteza miwani. Alikuwa amepata sababu.

*

Asubuhi yake alivuka mji kwa mabasi mawili. Alijua amefika mtaa wa majora kabla hajashuka, maana kelele zilimpokea dirishani. Vitambaa viliteremka kutoka kwenye vibaraza kama maporomoko, vijana wa maduka wanaimba bei, mikokoteni inaomba njia kwa matusi ya kistaarabu. Nyumba aliyotajiwa ilikuwa juu ya duka la vifungo. Chini ya ngazi, kwenye kiti kilichoziba njia nzima, alikaa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, anachambua maharage kwenye ungo.

"Unamtaka nani?"

"Habari za asubuhi, mama. Namtaka mke wangu."

"Mke wako anakaa wapi?"

"Hapa kwako. Fundi wa mapazia."

Mikono ikasimama kwenye maharage. "Na wewe unakaa wapi?"

Taratibu alisita. "Mtaa wa miti."

"Yeye hapa, wewe kule."

"Ndiyo."

"Baba," alisema mwenye nyumba, akivaa miwani ili amwone vizuri, "mimi nimekaa kwenye hiki kiti miaka. Nimeona wajomba, nimeona mabinamu, nimeona hata mchungaji. Lakini mume anayekaa mtaa mwingine sijawahi kumwona. Wanaume hawapandi ngazi hii. Kama una heshima zako, kaa sebuleni, mlango uko wazi, atakukuta."

Akakaa. Sebule ilikuwa na makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma na saa ya ukutani iliyokuwa inachelewa. Mlango uliachwa wazi kabisa, na mwenye nyumba alisogeza kiti chake mahali ambapo angeona magoti yote mawili ya mgeni.

Bi Pindo aliingia kwa kishindo, amekumbatia vipande vya vitambaa mpaka kidevuni. Alipomwona mumewe, macho yalimng'aa. Taratibu aliyaona, na moyo wake ukatulia. Kisha akaona kitu kingine kwenye macho hayo, kitu alichokijua tangu ujana wao, na moyo ukaruka tena.

"Unamjua huyu?" aliuliza mwenye nyumba. "Anasema ni mumeo."

Bi Pindo alimtazama kinyozi kuanzia viatu hadi utosini, bila haraka hata kidogo.

"Amesema hivyo?" Akashusha vitambaa kwenye kochi. "Jamani, huyu baba ana mwendo. Hata hatujafika huko."

"Mama watoto!" alisema Taratibu.

"Unaona? Watoto tayari."

Mwenye nyumba akaguna guno refu la mtu aliyethibitisha alichokijua. Lakini hakumfukuza. Kumbe chini ya yale maharage kulikuwa na mtu anayependa mambo ya namna hii kuliko chakula. Alileta chai, akaketi kati yao, na akaanza kazi.

"Unafanya shughuli gani?"

"Kinyozi." Sauti ilimtoka ndogo, kama kijana aliyepelekwa kujitambulisha.

"Duka lako au la mtu?"

"Langu."

"Kileo?"

"Harusini tu."

"Ukikasirika unafanyaje?"

Taratibu alifikiri. "Nanyamaza."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," alisema mwenye nyumba, na Bi Pindo nyuma yake akaitikia kwa kichwa kwa nguvu zote, huku amejiziba mdomo kwa kipande cha hariri. "Mtu akinyamaza mwenzake atajuaje kama amekosea? Lazima useme. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Alipotoka pale jua lilikuwa linaelekea kuzama. Alikuwa kwenye basi la pili, anatabasamu na kioo cha dirisha, alipokumbuka kwamba miwani hakuichukua.

*

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila siku alivuka mji. Alinunua shati jipya, kwa kuwa mengine yalikuwa sandukuni kwa mkewe na aibu ilimzuia kuyaomba mbele ya mwenye nyumba. Alijinyoa kwa uangalifu ambao kichwa chake mwenyewe hakikuwa kimeuona kwa miaka mingi. Mwenye nyumba aliwapa ruhusa ya kutoka, warudi kabla taa za barabarani hazijawaka, na alimwonya asimpeleke "binti wa watu" sehemu zisizo na watu. Binti wa watu alikuwa na wajukuu, lakini aliinamisha kichwa kwa adabu na kumkanyaga mumewe mguu.

Walitembea. Na katika kutembea huko Taratibu aligundua jambo lililomshangaza: hakuwahi kumwona mkewe mbali na nyumba akiwa hana anachokimbilia. Wauzaji walikuwa wameshamjua. Alishika kitambaa kwa vidole viwili, akakisugua, akamwambia mwenye duka kitasinyaa kikioshwa mara ya kwanza, mwenye duka akabisha, wakacheka, akaletewa kiti. Alisimulia vizuri, alikuwa na mdomo wa utani, na watu walisogea kumsikiliza. Taratibu alisimama pembeni na mifuko, anaona fahari na wivu kidogo. Nyumbani kwao walikuwa wanaongea nini? Chumvi imekwisha. Bomba linavuja. Yeye alirudi kila jioni masikio yamejaa, akaomba kimya, na mkewe, aliyekuwa ameshinda kimya kutwa, akampa.

Alitaka kumwambia hivyo. Alikumbuka alivyoagizwa, lazima useme, akafungua mdomo, mkokoteni ukapita katikati yao, na neno likapotelea kwenye magurudumu.

Siku moja Bi Pindo alisema, "Leo mimi nije kwako. Nikaone hilo jani."

Alifika mchana. Mlinzi alimpokea kwa maneno yake mawili, akapanda ngazi, akaingia, akatazama kitanda kipana na matawi dirishani. Akaketi ukingoni kuvua viatu. Akasema, "Pazia hili limekatwa na mtu mwenye hasira." Kisha akalala. Hakujilaza kupumzika, alizimika kama taa, kiatu kimoja bado mguuni.

Taratibu alimvua kile kiatu taratibu. Alimtazama usoni akaona ambavyo hakuviona kule kwenye vurugu, jinsi macho yalivyozungukwa na weusi. Mtu huyu hakuwa amelala vizuri tangu afike. Mtaa wa majora hufungua milango kabla ya alfajiri na hushusha mizigo jua likizama, na chumba chake kilikuwa mbele, juu ya barabara. Na katika siku zote hizo hakulalamika hata mara moja. Alijua kwa nini. Ni sababu ile ile iliyomfanya yeye asiseme kwamba alikuwa ameanza kuisimulia friji habari za siku.

Alivuta kiti akaketi kando ya kitanda. Bi Pindo alikoroma, koromo la chini, lenye mdundo wake, na chumba kikawa chumba cha watu. Taratibu alikaa hivyo mpaka vivuli vya matawi vilipohamia ukuta wa pili. Hakukumbuka mara ya mwisho alipofurahia sauti kiasi kile.

Simu yake ikatetemeka. Alikuwa binti yao.

"Baba, mama hapokei simu. Yuko hapo?"

"Yupo, amelala. Usijali, akiamka atarudi kwake."

"Kwake wapi?"

Taratibu aliitazama simu. "Anakokaa."

"Anakokaa wapi, baba? Nyinyi hamkai pamoja?"

Ni hapo alipopaswa kueleza yote kwa utulivu, mwanzo hadi mwisho. Lakini mkewe aligeuka usingizini, naye akaogopa kumwamsha, akanong'ona, "Ni habari ndefu mwanangu, kila mtu ana mtaa wake sasa," akakata simu. Akaona amelimaliza vizuri.

*

Keshokutwa yake, Taratibu akiwa sebuleni kwa mwenye nyumba, ameshika kikombe, mkewe kando, mlango wazi kama kawaida, walisikia sauti ngazini. Aliijua kabla hajamwona mwenye nayo. Ilikuwa sauti iliyomlea, ikampiga, ikamwoza. Alikuwa dada yake mkubwa, aliyepanda basi kutoka nyumbani mara tu mpwa wake alipompigia akilia, na aliyemulizia fundi wa mapazia duka kwa duka mpaka akafika pale, begi lake kichwani, akiwa hajaonja maji.

"Wako wapi?" alifoka. "Wako wapi hawa watu wazima wasio na haya?"

Alisimama mlangoni akawaona, wamekaa kwenye kochi moja, katikati mto.

"Mdogo wangu. Wifi yangu. Kweli mmeachana?"

Mwenye nyumba aliinuka nusu. "Wameachana? Mama, hawa mimi ndio kwanza nawaanzisha!"

"Unawaanzisha nini? Nilicheza kwenye harusi yao mpaka kisigino kikavunjika!"

Mwenye nyumba alivaa miwani yake polepole. Akamgeukia Bi Pindo.

"Kumbe ni mumeo."

"Ni wangu, mama," alisema. "Nisamehe. Ulimhoji vizuri mno, nikaona nisikukatize. Mimi mwenyewe kuna majibu nilikuwa sijawahi kuyasikia."

"Na wewe," mwenye nyumba alimgeukia Taratibu, "siku zote unakunywa chai yangu kama mchumba?"

"Nilikwambia siku ya kwanza, mama. Hukuniamini."

Hilo lilimkaa vibaya mwenye nyumba, maana lilikuwa kweli. Midomo ikamcheza, akajikaza, na mwishowe akaangua kicheko kilichotingisha vikombe. Dada mtu yeye hakucheka. Alishusha begi, akadai maelezo, na mdogo wake akajua hawezi tena kunyamaza.

Akasema. Aliongea kwa mwendo wake ule ule wa kunyoa, anarudi nyuma, anaangalia, anaondoa kilichozidi. Alisema kule juu ni kuzuri na amekuchoka tangu siku ya pili. Alisema masikio yake yalitaka kupumzika kutoka kwa watu wote isipokuwa mmoja, na yeye kwa ukaidi wake alikuwa amemwacha huyo huyo kituo cha mabasi. "Nilipaswa kusema siku ile ya simu," alimwambia mkewe. "Nikasubiri uanze wewe."

"Na mimi nikasubiri wewe," alisema Bi Pindo. "Mzee, mimi sijalala. Hawa watu wanashusha majora alfajiri kama wanashusha ng'ombe. Naupenda mtaa huu kufa, lakini utaniua."

"Si ungeniambia," alisema mwenye nyumba. "Nina chumba cha nyuma, kinatazama uani. Hakifikiwi na hata honi."

"Kwa nini hukunipa?"

"Hicho ni cha wenye ndoa."

Dada mtu alikuwa ameshajitupa kwenye kochi, miguu mbele, anajipepea na upande wa mtandio. Ghadhabu ilikuwa imemwisha na uchovu umeshika zamu. "Na mimi je?" aliuliza. "Nimekuja mbio kupatanisha watu wasiogombana. Nitalala wapi? Kelele hizi siziwezi."

Mume na mke wakatazamana, na safari hii walipepesa macho wote wawili.

Jioni ile ile walimpeleka mtaa wa miti. Dada mtu aliingia kwenye kile chumba, akagusa kitanda, akafungua dirisha, akasimama akisikiliza. Nyumbani kwake kulikuwa na wajukuu wanane na jogoo asiyejua saa. Alisimama pale muda mrefu mpaka wakaanza kuwa na wasiwasi.

"Hakuna kitu," alisema hatimaye, kwa sauti ya ibada.

"Hakuna," alikubali Taratibu.

"Nendeni," alisema, na kuwafungia mlango. Mlinzi alikuja kuwaambia baadaye kwamba siku nzima ya kesho yake mama alifungua mlango mara moja tu, kuchukua mkate, na kwamba alimshukuru kwa kutokuwa na maneno mengi. Kwa mlinzi yule hiyo ilikuwa hotuba.

Binti yao alipigiwa simu na kuelezwa tena, safari hii na mama yake, kwa hiyo ilichukua muda. Alilia kidogo, akacheka, kisha akataka kujua ni nani sasa anaishi mtaa gani, wakashindwa kumweleza bila kuchanganya.

Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo. Kitanda kiligusa kuta mbili, na dirisha lilitazama kamba za nguo na paa la duka la vifungo. Jioni ile ya kumpeleka dada walirudi wakakaa kitandani bega kwa bega, kwa sababu hapakuwa na kiti, wakisikiliza kwa mbali milango ya maduka ikishushwa mmoja baada ya mwingine. Kelele ilifika pale imechoka, imekuwa mnong'ono tu.

"Kesho," alisema Bi Pindo, "kuna mzee mmoja ana lesi za zamani. Amesema atanifungulia stoo yote."

Taratibu alikuwa na mpango wake. Alikuwa ameona, basi lilipopita, duka la kinyozi lenye viti vya chuma vya kuzungushwa kwa mguu, na alitaka kwenda kukaa pale awe mteja kwa siku moja, anyolewe yeye, aongee yeye, mwingine aitikie.

"Lesi zitanilaza," alisema.

"Na viti vya chuma vitaniua."

Kila mmoja akaangalia magoti yake. Uani mtu alikuwa anaanua nguo, anaimba wimbo anaoujua nusu.

"Basi nenda kwenye lesi," alisema Taratibu, "na mimi niende kwenye viti. Tukutane mchana, pale kwenye kona penye meza nje. Uje unisimulie. Na usifupishe."

"Mimi? Nifupishe?"

"Na mimi nitakusimulia."

Bi Pindo aligeuka kumtazama, kama vile anapima dirisha. "Utaanza saa ngapi, nijue kama nije na chakula cha jioni kabisa?"

Akacheka yeye mwenyewe kabla hajamaliza kusema, na mumewe, ambaye alikuwa ameshaanza kupanga atakavyoanza, akacheka baadaye kidogo.